Mkwe Aliyemkimbia Mama

Wenzangu wa Karatina, tangu nirudi Tuwan simu yangu haijapumzika. Mmoja wenu ameambiwa kwamba mama alipigana na mkwe wake. Mwingine amesikia kwamba mama alizama mtoni. Wa tatu, ambaye simtaji kwa sababu anajijua, amewaambia watu kanisani kwamba tulifukuzwa Bungoma kwa sababu ya kipande cha kuku. Kuku yumo, maji yamo, na mkwe yumo, lakini hamjapanga mambo sawasawa. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku kadi ya simu ikiisha, kwa hiyo naandika yote mara moja. Someni mkipokezana.

Kwanza niwakumbushe nani ni nani. Mwaka sasa umepita tangu nibebe cherehani yangu nikahamia Kitale, mtaa wa Tuwan. Mama naye alihamia kwa mjomba Kariuki huko Kachibora, ambako mjomba analima mahindi na viazi. Mdogo wangu Nyambura ndiye aliyetutangulia sote kuja pande hizi. Anafundisha shule ya msingi nje ya mji wa Bungoma, na huko ndiko alikompata Wafula, afisa wa kilimo. Wazee wa Wafula walishafika Kachibora mara moja kuongea na mjomba, lakini Wafula mwenyewe hakuja. Ati alikuwa na kazi. Mama alikuwa hajawahi kumwona ila kwenye picha, amesimama kando ya ng'ombe. Mama aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ng'ombe ni mzuri."

Halafu tukaalikwa twende tukaone boma. Mama akaniambia wazi kwamba haendi kula, anaenda kumwangalia huyo kijana usoni. Akimpenda, harusi itakuwako. Asipompenda, Nyambura atarudi naye Kachibora.

Kachibora hadi Kitale

Nililala kwa mjomba ili tuondoke pamoja. Alfajiri niliamshwa na kelele za mwiko. Mama alikuwa jikoni anaponda mukimo: viazi, mahindi na majani ya malenge, ndoo nzima yenye kifuniko.

"Mama, tunaenda kwa watu. Watatupikia."

"Nimesikia huko wanakura ugari asubuhi, mchana na jioni," akasema bila kugeuka. "Mimi tumbo yangu ni ya viazi. Nikifa huko, utaambia watu nini?"

Usiku mvua ilikuwa imenyesha na hakuna gari lililothubutu kushuka barabara ile. Tukapanda trela ya trekta ya jirani, juu ya magunia ya mahindi, mama amefunga viatu vyake vyeupe vya kanisani ndani ya karatasi za plastiki na ameikumbatia ndoo. Dereva alikuwa mtu mpole sana, na upole huo ulituponza. Kila alipomwona mtu anayemfahamu alizima injini, akashuka, akamsalimia, akauliza habari za ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe akiwa karibu alikwenda kumwona. Mama alihesabu salamu mpaka kumi na moja, kisha akaacha kuhesabu, akaanza kuomba.

"Huyu anatafuta kura?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Huku watu wanasalimiana."

"Hata sisi tunasalimiana. Lakini tunaendelea kutembea."

Sikumlaumu, kwa sababu mwaka mmoja uliopita nilikuwa vilevile. Wiki yangu ya kwanza Tuwan nilikuwa nikipita mlangoni pa jirani yangu, Mama Nekesa, nikirusha "Sasa!" na kupotea kona. Akadhani nina hasira naye. Halafu akaniletea ugali mkubwa kama kigoda, nami kwa adabu zangu za Karatina nikamega kipembe na kumrudishia uliobaki pamoja na shukrani. Alininunia wiki mbili. Siku hizi ndiye rafiki yangu mkubwa, na ugali anaoniletea huwa naumaliza.

Kitale, dakika kumi tu

Mama Nekesa ni mzaliwa wa Bungoma na anauza ndizi steji ya Kitale. Alipotuona tukitelemka na matope yetu, aliacha ndizi zake akaja mbio. Mama alikuwa ameshaingia kwenye Pijo, gari la abiria la Bungoma, na kukalia kiti cha dirishani, ndoo mapajani. Mimi nilibaki nje nikisikiliza.

"Fundi, sikiliza vizuri," akasema. "Kwanza, chakura musikatae. Nyumba yoyote mutaingia, mukure. Pili, kuku akiretwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Hiyo musiguse. Tatu, na hii ndio kubwa kabisa, ni ya mkwe na mama mkwe. Mwambie mama yako asi..."

Dereva akawasha injini na kupiga honi. Gari lilikuwa limejaa, na mimi ndiye niliyekuwa nimebaki. Nikaruka ndani, mlango ukafungwa.

"Asi nini?" nikapiga kelele dirishani.

Mama Nekesa akatukimbilia hatua chache, kinywa chake kinafunguka na kufumba lakini injini inameza maneno. Alipoona sisikii, akajifunika uso kwa viganja viwili, kisha akageuka na kukimbia upande mwingine. Nikadhani anajikinga vumbi. Ni baadaye, nilipokuwa nimesimama kwenye shamba la miwa, ndipo nilipokumbuka kwamba mvua ilikuwa imenyesha na hakukuwa na vumbi hata chembe.

Webuye

Mpaka tunakaribia Webuye safari ilikuwa nzuri. Kando ya mama aliketi mzee mmoja nadhifu, suti ya kijivu, kofia mapajani. Waliongea habari za mbolea na walielewana kabisa, kwa maana mmoja alisema "mboreya" na mwingine "mborea", na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Halafu ile harufu ikaingia.

Sijui niieleze vipi. Fikirieni mayai viza yaliyochemshwa pamoja na kabeji ya wiki iliyopita. Mama aliacha kuongea. Polepole akamgeukia yule mzee wa suti, akamtazama kwa huruma, akafungua dirisha. Harufu ikaongezeka. Akalifunga. Akamtazama mzee tena, safari hii bila huruma. Mzee akatabasamu na kuendelea na habari za mbolea kana kwamba hakuna jambo.

Ndipo mama alipoitazama ndoo yake. Alikishika kifuniko, akakiacha, akakishika tena. Uso wake ulisawijika.

"Njeri," akaninong'oneza, "mukimo imeharibika."

"Mama, umepika asubuhi."

"Imekaa juani kwa trekta ya yule mtu wa salamu. Dereva! Simamisha gari! Simamisha, watu watakufa!"

Dereva akasimama. Kabla sijashuka vizuri mama alikuwa ameshafika ukingoni mwa barabara na kuimwaga ndoo yote kwenye nyasi, uso ameugeuzia pembeni. Mbwa wawili walitokea sijui wapi na kuanza kula kwa furaha ambayo sijawahi kuona kwa mbwa. Mama akafuta mikono, akarudi garini, akawaomba abiria wote msamaha mmoja mmoja. Tukaondoka. Harufu ikaondoka nasi.

Mama akavuta pumzi. Akanusa ndoo tupu. Akanusa mkono wake.

"Mama," yule mzee akasema kwa upole, "hiyo si chakura. Hiyo ni Webuye."

"Webuye gani?"

"Kiwanda ya kalatasi. Si unaona ule moshi? Sisi tumezoea. Siku hatusikii hiyo halufu, tunaogopa kazi imeisha."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Si nilidhani unapatia mbwa."

Mama akageukia dirisha mpaka Bungoma. Tangu saa kumi na moja alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni, na mukimo wake wote alikuwa amewapa mbwa wa Webuye.

Steji ya Bungoma

Tulitakiwa kupokelewa na Simiyu, kaka mkubwa wa Wafula, saa kumi. Lakini Pijo lilikimbia kuliko tulivyotazamia, tukafika saa tisa. Nikamketisha mama kwenye benchi la fundi viatu ili nimtafutie angalau chai.

Sijapiga hatua tano nikasikia sauti yake, ile ya kuita ng'ombe.

"Wabura! We, Wabura!"

Mnajua *f* na *l* mara nyingi humshinda mama. Wafula kwake ni Wabura tangu mwanzo. Nikageuka. Ng'ambo ya barabara, kando ya duka la jumla, kijana mrefu alikuwa anafunga kreti ya soda nyuma ya baisikeli. Alikuwa yuleyule wa kwenye picha, ila ng'ombe hakuwapo. Mama alikuwa amesimama, mikono wazi, tabasamu limejaa uso mzima. Hasira zote za Webuye zilikuwa zimesahaulika.

Kijana aliinua kichwa. Akamwona mama. Akaniona mimi, akafananisha sura zetu na ya Nyambura, na nikauona uso wake ukielewa. Kisha akaachia kreti, soda zikapasuka barabarani, akaruka baisikeli yake mwenyewe, akaruka mtaro, akampita muuza nyanya kwa namna ya kumzunguka mara moja na nusu, na akaingia katikati ya vibanda. Tulibaki tukitazama gurudumu la baisikeli likizunguka lenyewe.

Mikono ya mama ilikuwa bado wazi.

"Huyo mumemkosea nini?" fundi viatu akauliza.

"Ni mkwe wangu," mama akasema. Akakaa chini. Nilimwona anavyoikunja mikono yake taratibu na kuiweka mapajani, na siwafichi, pale sikucheka.

Simiyu alipofika na boda boda mbili za baisikeli, mama alimpokea bila salamu. "Ndugu yako yuko wapi?"

Simiyu akatazama kreti, akatazama soda barabarani, akatazama juu. "Wafula? Yuko... yuko tu, mama."

"Ni mwizi?"

"Hapana, mama!"

"Ana deni ya serikali? Ana bibi mwingine?"

"Ati nini? Hapana, mama, si vile. Twende nyumbani, wazee wataereza."

Mama akaninong'oneza kwa Kikuyu kwamba twende haraka, kwa sababu sasa hatuendi kuona boma, tunaenda kumchukua Nyambura.

Nyumba nne

Lakini kwanza kulikuwa na njaa. Boda boda zilitupitisha kwenye miwa mpaka nyumba ya kwanza, tukakaribishwa ndani. Mama mmoja mcheshi akatusalimia, "Mulembe! Mulembe! Kalibuni mukure," na akaweka mezani ugali wa wimbi, wa rangi ya udongo mwekundu, na bakuli la mboga ya mrenda.

Mama, aliyekuwa ameapa kutokula ugali, aliutazama kwa sekunde mbili. Halafu akanawa mikono. Wenzangu, mama alikula! Mrenda ulikuwa ukivutika kama uzi kutoka sahani mpaka kidevuni, naye anaukata kwa kidole kama mtu anayekata uzi wa cherehani. Alimaliza sahani nzima. Mwenye nyumba alifurahi sana, akamwongezea. Mama akamaliza tena.

"Asante. Hapa ndipo kwa akina Wabura?"

"Hapana, mama. Hapa ni kwa shangazi yake. Kwao ni kule mbele, mukipita nyumba ingine mbili."

Nyumba hizo mbili pia zilikuwa zimepika. Nikamkumbusha mama kwamba Mama Nekesa alikataza kukataa chakula. Mama akaniuliza kama Mama Nekesa angekubali kuja kumalizia. Kwenye nyumba ya pili alikula kwa adabu, kwenye ya tatu alikula huku amefumba macho. Tulipofika kwa Mzee Wekesa, baba yake Wafula, mama alikuwa anatembea kama mjamzito wa miezi tisa, mkono mmoja kiunoni.

Nyambura alikuwa huko, leso kichwani, anasaidia jikoni. Alitukumbatia na kukimbia kuendelea na kazi kabla mama hajapata nafasi ya kumhoji. Sebuleni walikuwa wamejaa wazee, shangazi, mashemeji. Tukaombewa. Kisha kuku akaletwa, amepikwa mzima na kukatwa vipande, anatoa mvuke bakulini katikati ya sahani mbili kubwa za ugali.

"Mgeni ajichagulie," Mzee Wekesa akasema.

Mama aliangalia lile bakuli kama mtu anayeangalia mlima Elgon baada ya kuambiwa aupande sasa hivi. Alitafuta kwa macho kipande kidogo kuliko vyote. Akakiona. Akakichukua, akakitia mdomoni, akatafuna.

Nikasikia kijiko kikianguka mahali. Ndipo nilipokumbuka agizo la pili la Mama Nekesa, ambalo mama hakulisikia kwa sababu alikuwa garini amekumbatia ndoo, nami nikasahau kumwambia.

"Mama," nikamnong'oneza, "hiyo ilikuwa firigisi."

"Naam, ni tamu," akasema kwa sauti.

Watu wote wakamgeukia Mzee Wekesa. Mzee alimtazama mama, akatazama bakuli, akakuna kidevu.

"Basi," akasema, "leo mwenye nyumba ni mama. Mama, tuambie tu, sisi wengine tutarara wapi?"

Kicheko kilichopasuka hapo kilimfanya kuku wa nje apige kelele. Hata mama alicheka nilipomweleza. Na laiti mambo yangeishia hapo. Lakini mama akafuta mikono, akakaa wima.

"Kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba, sasa niletewe Wabura."

Kicheko kikafa. Mama yake Wafula, mwanamke mnene mwenye sauti laini, akasogea akaketi karibu naye.

"Dada yangu, hatuwezi kumreta. Wewe ni mama mkwe yake. Kwetu hawezi kukusarimia na mkono, hawezi kukuangaria uso. Akikuona mbere, anatoka kwa njia. Hata kwenu Kachibora hakukuja sababu ya wewe. Ile kukimbia ndio heshima."

"Heshima?"

"Heshima kubwa sana. Vire alikimbia leo, watu wa steji wote wanamsifu."

Mama akafikiri. "Nimezaa vijana wawili," akasema, "na hakuna hata mmoja amewahi kuniheshimu na mbio kama ile." Kisha akamwita Nyambura. "Kwa nini hukutuambia?"

"Nilimwambia mjomba Kariuki awaambie," Nyambura akasema kutoka mlangoni. "Alicheka. Alidhani ni mzaha."

Mama akaisukuma sahani yake mbali. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya chini, na kila mtu alimsikia. "Mimi nimewaelewa, na sina ubaya na mtu. Lakini huyu ndiye mtoto wangu wa mwisho. Nimempoteza baba yake, nimeacha Karatina, nimeacha kila kitu ninachokijua. Siwezi kumpeana kwa mtu ambaye nimeona mgongo peke yake. Kesho asubuhi tutarudi naye."

Hakuna aliyebisha. Ingekuwa rahisi kama wangebisha.

Nilimfuata Nyambura nyuma ya jikoni. Alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kuwa safi. "Dada," akasema, "nilipougua malaria mwaka jana, Wafula ndiye aliyekuwa akiniletea maji na uji kila asubuhi, wiki mbili, kabla ya kazi. Lakini mama akisema hapana, mimi sitampinga."

Nyuma ya ghala la mahindi kitu kikakohoa. Alikuwa Wafula, amechuchumaa.

"Shemeji," akasema, "mama amekasirika?"

"Sana. Si ungesimama hata kidogo tu?"

"Nilitaka kusimama, shemeji. Miguu ndio ilikataa."

Mtaroni

Asubuhi mama alikaa nyuma ya baisikeli ya Simiyu, mkoba mapajani. Mimi na Nyambura tulifuata kwa miguu, Nyambura amebeba sanduku lake. Mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza njia kuwa sabuni. Upande wa kushoto palikuwa na mtaro uliojaa maji ya rangi ya chai, na upande wa kulia miwa mirefu kuliko mtu.

Baada ya muda nikaona kwamba miwa inatikisika. Hakukuwa na upepo. Ilitikisika sambamba nasi, hatua kwa hatua. Tukisimama, inasimama. Nyambura naye aliona, akainamisha kichwa. Wafula alikuwa anatusindikiza.

Kwenye mteremko Simiyu akafunga breki. Baisikeli haikufunga kitu. Ilikwenda upande, ikafikiri kidogo, ikaanguka. Simiyu akabanwa mguu na fremu, na mama akateleza kwa utaratibu kabisa, ameketi vilevile na mkoba wake, mpaka ndani ya mtaro. Maji yakamfika kifuani.

Tulikimbia. Mnamjua mama si mwembamba. Tulimshika mikono, tukateleza, tukamshika tena. Kila tukivuta sisi ndio tuliokaribia kuingia. Mama akaanza kusema kwamba miguu yake inazama, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Miwa ikafunguka. Wafula akatoka amejitupia koti kichwani mpaka kidevuni, haoni mbele wala nyuma, mkononi ana muwa mrefu alioung'oa. Alirudi kinyumenyume mpaka ukingoni na kuunyosha muwa nyuma yake.

"Mama, shika!"

"Wewe ni nani?"

Koti likasita. "Ni... ni mtu tu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa kilimo."

Mama akashika. Wafula akavuta, muwa ukakatika katikati, akaanguka kifudifudi. Akapapasa, akang'oa mwingine, akarudi kinyumenyume tena. Nikamwambia apinde kulia. Nyambura akamwambia kushoto. Alitusikia sote wawili. Akapiga hatua moja nyuma pasipo na ardhi, na akazama mtaroni kando ya mama kwa kishindo kilichotulowesha sisi tuliokuwa juu.

Alipoibuka koti lilikuwa linaelea peke yake. Wakabaki uso kwa uso, shibiri moja. Wafula akafumba macho kwa nguvu zote, kama mtoto anayesubiri sindano, matope yanamchuruzika mashavuni.

Mama alimtazama. Alimtazama kwa utulivu, paji la uso, masikio, kidevu, kama anavyokagua kitambaa kabla ya kuniruhusu nikikate. Kisha akatoa leso yake mkobani, akaikamua, akamfuta matope machoni.

"Fungua macho, Wabura. Utaanguka tena."

"Siwezi, mama. Ni heshima."

"Basi nisukume bila kuangalia."

Akainama, akaweka mkoba wa mama kati ya bega lake na mama, na kwa pamoja, sisi tukivuta na yeye akisukuma akiwa kipofu, mama alitoka. Akaketi kwenye nyasi. Viatu vyeupe vya kanisani vilikuwa vimebaki mtaroni. Nikadhani analia, mabega yanatikisika hivi. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Simiyu, aliyekuwa bado chini ya baisikeli na ambaye sote tulikuwa tumemsahau, akacheka pia na kuomba asaidiwe.

Kurudi kwa Mzee Wekesa

Hatukufika barabarani siku hiyo. Mama alirudishwa, akaogeshwa, akavikwa gauni la mama yake Wafula lililomtosha kana kwamba nililishona mimi. Wafula akapotelea ghalani. Wazee wakaitwa upesi, kwa sababu jambo kubwa lilikuwa limetokea: mkwe na mama mkwe wameingia maji mamoja.

Walibishana mpaka mchana. Mmoja alisema wamegusana, kwa hiyo ni kosa. Mwingine akasema kati yao palikuwa na matope, na matope si mkono. Wa tatu akauliza kuhusu leso, na ikakubaliwa kwamba leso ni nguo. Bega je? Bega lilikuwa chini ya mkoba. Na macho? Nikaitwa kutoa ushahidi, nikaapa kwamba Wafula alifumba macho mwanzo mpaka mwisho. Wakanipigia makofi.

"Lakini mama," mzee mmoja akauliza, "kwa nini unamwita Wabura?"

"Si ndilo jina lake? Kwetu *mbura* ni mvua. Nyambura ni msichana wa mvua."

Wazee wakatazamana. "Na Wafula," yule mzee akasema polepole, "ni kijana amezaliwa wakati wa mvua."

Mama akaangalia gauni lake la kuazima. "Sasa naelewa kwa nini tumelowa."

Uamuzi ulikuwa kwamba hakuna kosa, ila achinjwe kuku ili kufunga maneno. Mama akashtuka, akauliza kama haiwezekani maneno yakafungwa kwa viazi. Wakatuma watu sokoni kuvitafuta. Mama akaponda mukimo mwenyewe, na Mzee Wekesa akaula wote. Kisha akauliza ugali uko wapi, maana bado hajala.

Tulikaa siku mbili zaidi. Sanduku la Nyambura lilirudishwa ndani bila mtu kutangaza lolote, na jioni ya mwisho mama akamwambia Mzee Wekesa kwamba mjomba Kariuki atawatafuta ili wapange tarehe ya harusi.

Barabarani

Asubuhi ya kuondoka, boma zima lilitusindikiza mpaka barabara kuu. Wafula hakuwamo. Lakini Pijo la Kitale liliposimama na mimi nikawa napakia ndizi, mabuyu ya maziwa na kuku hai wawili, nilimwona mbali shambani, kwenye kichuguu, ametupa mgongo. Alikuwa amenyoosha mkono mmoja nyuma yake na anaupunga.

Nikamgusa mama bega nimwonyeshe. Alikuwa ameshamwona. Hakuna aliyemwambia la kufanya, nawaapia. Alitua mkoba chini, akageuka taratibu akalipa shamba mgongo, akanyoosha mkono nyuma yake, akapunga. Wakakaa vile kitambo kirefu, kila mmoja anatazama upande wake, mikono inakwenda na kurudi.

Dereva alitoa kichwa dirishani, akawatazama wote wawili.

"Kwani hao wamekosana?" akaniuliza.

Mama ndiye aliyejibu, bila kugeuka na bila kushusha mkono.

"Huyo ni mkwe wangu," akasema. "Ngojea kwanza. Tunaagana."